Kumzoea na Kumtunza Kasuku wa Kijivu Aliyetoka Nyumba Nyingine: Mwongozo Kamili

Wengi wanaopokea kasuku wa kijivu aliyelelewa kwanza na mtu mwingine hukwama mahali palepale. Ndege hufika, hupewa tundu zuri na mbegu tele, kisha siku ya pili au ya tatu mwenyeji wake mpya hupenyeza mkono tunduni akitaka kumshika. Ndege hung'ata mpaka damu itoke. Mkono hurudi kwa nguvu zaidi, mara hii umezungushiwa taulo, na haupiti muda mrefu kabla ya ndege huyo kuitwa mkali asiyefugika na kutafutiwa nyumba ya tatu.

Kinachoharibika hapo ni mpangilio wa kazi. Mguso, ambao ni hatua ya mwisho, umetangulizwa mbele ya usalama, chakula na mazoea. Mwongozo huu unaziweka hatua hizo katika utaratibu wake, na unakuomba usiruke hata moja kwa sababu tu ndege anaonekana mpole: kasuku wa kijivu aliyejawa na hofu mara nyingi hukaa tuli bila kutoa sauti, na utulivu huo ndio unaowadanganya watu siku za mwanzo.

## Vitu vya kuandaa kabla hajafika

Tundu. Lisipungue sentimita 60 kwa upana, 60 kwa kina na 90 kwa kimo, kwa kuwa mabawa yake yakitandazwa hukaribia nusu mita. Nafasi kati ya nondo iwe sentimita 2 hadi 2.5. Usitumie waya mpya wa mabati unaong'aa, maana zinki iliyopakwa juu yake ni sumu kwa ndege anayetafuna kila kitu.

Matawi ya kukalia. Tafuta matawi ya mpera au mwembe ambayo hayajapuliziwa dawa, yenye unene unaotofautiana. Fimbo laini ya unene mmoja humsababishia vidonda kwenye nyayo.

Mzani wa jikoni unaosoma gramu. Hiki ndicho kifaa ambacho watu hukipuuza zaidi kuliko vyote, nacho ndicho kinachookoa maisha.

Vyombo vya chuma kisichoshika kutu, viwili vya chakula na kimoja cha maji. Chupa ya kunyunyizia maji safi. Shuka jepesi la kufunika tundu usiku. Kijiti cha mbao kama cha mishikaki, kilichokatwa ncha. Daftari moja na kalamu.

Vitu vya kutafuna na kuchana. Vifuu, magunzi ya mahindi, makuti, maboksi yasiyo na wino mwingi, vipande vya mbao zisizo na rangi wala dawa. Ndege huyu ana mdomo uliokusudiwa kupasua kokwa, na asipopewa cha kupasua atageukia manyoya yake mwenyewe.

## Hatua ya 1: Kamilisha karatasi na ukusanye habari zake

Anza na sheria. Tangu Januari 2017 kasuku wa kijivu yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kufuatia uamuzi wa mkutano wa Johannesburg wa mwaka 2016, na biashara ya kimataifa ya ndege waliokamatwa porini imepigwa marufuku. Nchini Kenya mamlaka ya wanyamapori inayohusika ni KWS, Tanzania ni TAWA, na Uganda ni UWA. Usidhani kwamba kibali cha mwenyeji wa kwanza kinakulinda wewe. Uliza ofisi ya wanyamapori iliyo karibu kabla ndege hajahamishwa. Ukihama na ndege kutoka Nairobi kwenda Dar es Salaam bila vibali vya pande zote mbili, unaweza kunyang'anywa mpakani.

Ikiwa anayekupa ndege hawezi kueleza alikotoka, na hasa ikiwa anauza, usimchukue ili "kumwokoa". Najua ni vigumu kumwacha ndege anayeteseka mbele ya macho yako. Hata hivyo kila anayenunuliwa kwa njia hiyo hulipia mtego wa kumnasa mwingine, na kwa kila ndege anayefika sokoni wapo waliokufa njiani. Toa taarifa kwa mamlaka.

Kwa ndege halali, kaa na mwenyeji wake wa kwanza na uandike daftarini: anakula nini na saa ngapi, analala saa ngapi, anaogopa nini, amewahi kuugua nini, aliishi na ndege wengine au peke yake, na ni maneno gani hasa yaliyotumika kumpandisha mkononi na kumrudisha tunduni. Andika maneno hayo jinsi yalivyotamkwa. Ndege aliyelelewa Mombasa katika nyumba inayozungumza Kigujarati au Kiarabu atatulia zaidi akisikia sauti anazozijua, hata kama wewe utakuwa ukizitamka kwa shida.

Dalili ya mafanikio: una kibali au barua ya ofisi husika, na una ukurasa mzima wa mazoea yake.

## Hatua ya 2: Mpitishe kwa daktari njiani

Panga safari ili ndege apitie kwa daktari wa wanyama mwenye uzoefu wa ndege kabla hajaingia nyumbani kwako. Sababu ni mbili. Kwanza, uchunguzi humlazimu daktari kumfunga taulo na kumshika, na ni heri kumbukumbu hiyo mbaya ibaki kliniki kuliko kuhusishwa na nyumba yake mpya na mikono yako. Pili, ndege huficha ugonjwa mpaka nguvu zimwishie, hivyo kumtazama kwa macho hakutoshi.

Mwombe daktari ampime uzito, aangalie hali ya lishe, na achukue vipimo vya homa ya kasuku, ambayo husababishwa na bakteria aitwaye *Chlamydia psittaci* na huambukiza binadamu. Mtu wa nyumbani akipata homa, maumivu makali ya kichwa na kikohozi kikavu, amweleze daktari wake kwamba anaishi na kasuku, maana bila taarifa hiyo ugonjwa huu hudhaniwa kuwa ni mafua au malaria.

Tahadhari: ukiwa na ndege wengine nyumbani, mtenge mgeni katika chumba kingine kwa siku 30 hadi 45, na uwahudumie ndege wako wa zamani kwanza kabla ya kumwendea yeye.

Dalili ya mafanikio: uzito wake wa kuanzia umeandikwa. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu kwa kawaida huwa kati ya gramu 400 na 550.

## Hatua ya 3: Chagua mahali pa tundu, kisha uondoe hatari za nyumba

Weka tundu sebuleni au mahali ambapo watu hukaa, likiegemea ukuta upande mmoja, na juu yake pawe usawa wa kifua au macho yako. Ukuta humhakikishia kwamba hakuna kitu kitakachomjia kwa nyuma. Tundu lililo katikati ya chumba humfanya azunguke akichungulia kutwa nzima.

Usiliweke jikoni. Vikaango na sufuria za kutogandisha, zile zenye utando mweusi wa tefloni, zikiachwa zikaunguza hutoa hewa isiyoonekana ambayo huua ndege kwa dakika chache, na mlango uliofungwa si kinga ya kutosha. Mapafu ya ndege huvuta hewa kwa ukamilifu kuliko yetu, na kwa hiyo sumu ndogo isiyotudhuru sisi humtosha yeye kufa.

Hapa wenyeji wa Pwani wanapaswa kusikiliza kwa makini zaidi. Udi, ubani, dawa ya mbu ya kuchoma, dawa ya kupulizia mende, marashi ya kupuliza na moshi wa jiko la mkaa vyote huumiza njia yake ya hewa. Si lazima nyumba iache desturi zake, lakini chumba anachoishi ndege kisifukizwe, na fukizo likifanyika upande mwingine, madirisha yafunguliwe na hewa ipite mpaka harufu iishe kabisa.

Hatari nyingine kubwa ni feni ya darini. Zima feni kabla ya kufungua tundu, bila kujali joto lilivyo. Angalia pia ndoo za maji zilizo wazi, nyaya za umeme, paka wa jirani, na wavu wa dirishani, ambao kasuku huukata kwa muda mfupi sana. Akiwekwa barazani apate jua, mtu awe karibu: kunguru humjia na kumtia hofu ambayo hudumu siku kadhaa.

Dalili ya mafanikio: umekagua chumba ukitazama kutoka juu, kama ndege anavyokiona, na hakuna kilichobaki cha kumkata, kumzamisha au kumfukizia.

## Hatua ya 4: Wiki mbili za kumwacha

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoamua yote yanayofuata. Kwa muda wa wiki mbili hivi, na zaidi ikihitajika, usijaribu kumgusa. Usimtoe. Usiwaite majirani kuja kumsikia akizungumza. Kazi yako ni kumwonyesha kwamba siku katika nyumba hii zinafanana na kwamba hakuna jambo linalomjia ghafula.

Fungua shuka la tundu saa ileile kila asubuhi, ukimsalimia kwa maneno yaleyale kabla ya kuligusa. Badilisha maji na chakula kwa mwendo wa polepole, ukieleza kwa sauti ya chini unachofanya. Mara mbili au tatu kwa siku keti hatua chache kutoka kwenye tundu na ufanye kazi zako: soma, chambua mboga, ongea na simu. Keti kwa ubavu. Mnyama anayewinda hukaza macho yote mawili mbele, na ndege anayewindwa huijua sura hiyo. Ukimtazama kwa pembeni na kufumba macho taratibu, unampa nafasi ya kukuchunguza bila kujihami.

Usingizi uwe wa saa 10 hadi 12. Katika nchi zetu jua huzama kwenye saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na mwili wake umeumbwa kwa usiku wa namna hiyo, hivyo kumfunika saa moja usiku na kumfunua saa moja asubuhi kunatosha. Ikiwa televisheni huwaka sebuleni hadi saa tano, mtafutie tundu dogo la kulalia katika chumba chenye kimya. Ndege mwenye usingizi mfupi huwa mkali, na watu huulaumu moyo wake kwa tatizo lililo katika saa ya ukutani.

Tahadhari: asipokula kitu chochote kwa siku nzima, usingoje wiki mbili ziishe. Mrudie daktari.

Dalili ya mafanikio: anakula ukiwa chumbani, anajinyoosha bawa na mguu wa upande mmoja kwa pamoja, anasaga mdomo wake taratibu kabla ya kulala. Ndege mwenye hofu hafanyi lolote kati ya hayo. Akikunguta manyoya yake mara moja na kutulia baada ya wewe kuketi, hiyo ni habari njema sana.

## Hatua ya 5: Mhamishe kutoka kwenye mbegu hadi chakula kamili

Wengi wa kasuku wanaobadilisha nyumba huja wakiwa wamelishwa alizeti na karanga kwa miaka. Mbegu hizo zina mafuta mengi, kalisiamu kidogo na karibu hazina vitamini A. Kasuku wa kijivu, kuliko kasuku wengine wengi, huathiriwa na upungufu wa kalisiamu katika damu, na dalili zake huanza kwa udhaifu na kuishia kwa degedege. Upungufu wa vitamini A nao hudhoofisha utando wa pua na koo, na maambukizi hupata mlango.

Asubuhi, njaa ikiwa bado mpya, mpe vyakula vibichi na vilivyochemshwa: karoti, boga, kiazi kitamu cha rangi ya chungwa, sukuma wiki, majani ya maboga, mahindi mabichi, choroko zilizooteshwa, kunde au maharage yaliyoiva kabisa. Mchicha unafaa mara mojamoja tu, kwa sababu asidi iliyomo hufunga kalisiamu. Papai pamoja na mbegu zake, embe na pera viwe kiasi kidogo. Pilipili kali humfurahisha na haimwashi, kwani ndege hawauhisi ukali wake. Tembe maalumu za kasuku, yaani chakula cha kiwandani kilichoshindiliwa na si dawa, pale zinapopatikana, ziwe sehemu kubwa ya mlo wake.

Anayeishi Kigoma au Congo ana bahati ya pekee. Matunda ya mchikichi ndiyo chakula anachokipenda kasuku huyu porini, na nyama yake nyekundu ina wingi wa viini vya vitamini A. Chikichi moja safi mara kadhaa kwa wiki hufanya kazi ambayo dawa ya dukani hufanya kwa gharama kubwa, na hapo hapo humpa kitu cha kukwangua kwa nusu saa.

Kwa kalisiamu, watu wa Pwani wanaweza kutumia gamba la ndani la dome, kiumbe wa baharini wa jamii ya ngisi, lile jeupe na jepesi linaloletwa ufukweni na mawimbi. Liloweke katika maji baridi kwa siku kadhaa ukiyabadilisha kila siku ili chumvi itoke, ulikaushe juani, kisha ulifunge tunduni. Kalisiamu haitumiki mwilini bila vitamini D, na hiyo hutoka kwenye jua. Kioo cha dirisha huzuia miale inayohitajika, kwa hiyo mtoe nje akiwa tunduni asubuhi kwa dakika 20 hadi 30, nusu ya tundu ikiwa kivulini ili aweze kukimbia joto.

Ndege aliyezoea mbegu hatatambua karoti kuwa ni chakula. Ikate kwa namna tofauti kila siku, changanya na mbegu chache, na ukae mbele yake ukila kipande chako kwa raha. Kasuku ni ndege wa kundi na hujifunza chakula kwa kumtazama mwenzake. Jioni mpe mbegu kwa kipimo, na upunguze kipimo hicho taratibu kwa wiki nyingi. Mpime uzito kila asubuhi kabla hajala, kwa kuuweka mzani chini ya tawi dogo la kukalia mara atakapokubali kutoka, na kabla ya hapo kwa kumtazama kinyesi na kiasi anachobakiza.

Tahadhari: kamwe usimshindishe njaa ili "akubali mboga". Uzito ukishuka kwa asilimia 10, rudisha chakula cha zamani na umwone daktari. Parachichi, chokoleti, kahawa, pombe, muhogo mbichi, maharage makavu yasiyopikwa, kokwa za tufaha na vyakula vya chumvi nyingi visimfikie. Karanga ziwe chache, safi na za kukaanga bila chumvi, kwa sababu ukungu unaoota kwenye karanga zilizohifadhiwa vibaya hutoa sumu inayoharibu ini.

Dalili ya mafanikio: kinyesi kina sehemu tatu zinazotofautika, yaani kijani au kahawia, nyeupe, na maji maangavu, naye anaingia kwenye chombo cha asubuhi kabla hujafunga mlango wa tundu.

## Hatua ya 6: Jifunze kuusoma mwili wake

Kung'ata ni neno la mwisho katika sentensi ndefu. Kabla ya hapo ndege amekwisha kusema mara kadhaa kwamba hataki, na aliyeng'atwa ndiye asiyesikia. Ninaomba hatua hii usiipite kwa haraka, kwa sababu nyumba nyingi humwita ndege mkorofi bila kuwahi kujua alichokuwa akikisema.

Manyoya yakibana mwilini na shingo ikirefuka, anaogopa, rudi nyuma. Akiinamia upande wa mbali nawe, au akiinua mguu mmoja na kuutanguliza mbele kama anayekusukuma, anakataa. Manyoya ya shingo na mgongo yakisimama, mboni za macho zikasinyaa na kutanuka kwa kasi, amepandwa na hisia kali, na hata ikiwa ni furaha, huo si wakati wa kuleta mkono. Mngurumo wa chini, ambao kasuku wa kijivu huutoa akibanwa pembeni, ni onyo la wazi kuliko yote.

Kwa upande mwingine, akiinamisha kichwa na kuyainua manyoya ya kisogo kwa wepesi, macho yakiwa yamelegea, anakaribisha kukunwa. Akija mwenyewe upande wa tundu ulipo wewe, anakutaka karibu, ingawa karibu na kuguswa ni mambo mawili.

Kila unaposimama au kurudi nyuma kwa sababu ameonyesha dalili ndogo, unamfundisha kwamba dalili ndogo zinatosha. Ndege aliyehamishwa mara nyingi amefundishwa kinyume: kwamba hakuna anayesikia mpaka damu itoke. Kulifuta fundisho hilo huchukua miezi, na kwa baadhi yao hata zaidi ya mwaka.

Dalili ya mafanikio: unaweza kutaja, kabla hujafika tunduni, ikiwa sasa ni wakati wa kusogea au wa kuondoka, na mara nyingi uko sahihi.

## Hatua ya 7: Kijiti kwanza, mkono baadaye

Chagua kitafunwa kimoja anachokipenda kuliko vyote, huenda ni alizeti, na ukiondoe kabisa kwenye mlo wa kila siku. Kuanzia sasa kinapatikana kwako tu.

Onyesha ncha ya kijiti kupitia nondo za tundu, mbali kiasi kwamba hashtuki. Akiigusa kwa mdomo, sema neno moja fupi, kwa mfano "safi", kisha umpe alizeti papo hapo. Rudia mara chache na uache angali anataka. Dakika tano, mara mbili kwa siku, ni bora kuliko nusu saa inayoishia kwenye uchovu.

Atakapokifuata kijiti kutoka upande mmoja wa tundu hadi mwingine, fungua mlango na umwongoze atoke juu ya tundu kwa miguu yake mwenyewe. Kisha weka kiganja au mkono wako ukiwa tuli, umeegemea mahali imara, na kijiti kiwe upande wa pili, ili njia ya kukifikia ipite juu ya mkono. Huenda ataweka mguu mmoja na kuuondoa. Mpe zawadi kwa mguu huo mmoja. Siku itakayofuata huenda asiweke wowote, na hilo si kurudi nyuma.

Anapokaribia kupanda, mara nyingi hugusa mkono kwa mdomo ili kujua kama ni imara. Watu hushtuka na kuuvuta, ndege akaanguka, na kuanzia hapo hauamini tena. Ukijua kwamba mdomo wake ni kama mkono wa tatu, utautuliza mkono wako.

Tahadhari: usivae glavu, kwani humtisha na hukunyima wewe kuhisi nguvu ya mdomo wake. Akikung'ata usipige kelele wala usimtikise. Mrudishe kwa utulivu kwenye tawi, ujiulize ni dalili gani umeipita. Usimfungie gizani kama adhabu. Atakachojifunza ni kukuogopa wewe na tundu lake pia. Sishauri kumkata mabawa, maana kasuku wa kijivu ni mzito, huanguka vibaya na kuumia kidari, na hofu ya kuanguka huzaa ndege asiyethubutu kitu.

Dalili ya mafanikio: anapanda bila kijiti, kwa kusikia neno lile ulilorithi kutoka kwa mwenyeji wake wa kwanza. Sasa unaweza kumkuna kichwani na shingoni. Usimpapase mgongoni wala chini ya mabawa. Mguso huo huamsha hamu ya kuzaliana na kumfanya mlinzi mkali wa mtu mmoja dhidi ya nyumba nzima.

## Hatua ya 8: Kelele, upweke na manyoya yaliyonyonyolewa

Kelele za asubuhi na za jioni ni za kawaida; porini ndivyo kundi linavyoitana. Kelele zinazoendelea mchana kutwa huwa ni wito usiojibiwa. Mchagulie mlio mmoja unaoweza kuuvumilia, mluzi kwa mfano, na ujibu huo kila mara hata ukiwa chumba kingine. Usiujibu ukelele, hata kwa kugomba, kwa kuwa kugomba nako ni jibu.

Ndege anayejinyonyoa hahitaji kukemewa. Anza na daktari, kisha angalia usingizi, lishe, hewa kavu na uvivu wa kutwa. Mnyunyizie maji safi mara tatu au nne kwa wiki, asubuhi ili akauke kabla ya usiku. Ficha chakula ndani ya vifuu na magunzi ili apate kazi ya kutafuta. Kitu kipya cha kuchezea kiwekwe kwanza upande wa pili wa chumba, kikisogezwa kidogo kila siku. Ukikitia tunduni ghafula, unaweza kuizidisha hofu uliyotaka kuipunguza.

Mashina ya manyoya yaliyong'olewa kwa miaka yanaweza kufa, na kifua kikabaki kitupu daima. Mpende hivyo hivyo. Ngozi safi, hamu ya kula na macho maangavu ni kipimo bora kuliko manyoya, na wageni wanaouliza ndege ana ugonjwa gani waelezwe kwa upole.

Tahadhari: akikaa chini ya tundu akiwa amevimbisha manyoya, au mkia ukipanda na kushuka kila anapovuta pumzi, usisubiri kesho. Mweke mahali pa joto na giza kiasi, umpeleke kwa daktari saa hiyo hiyo. Na usimwachie msituni kwa kudhani unamrudishia uhuru wake. Ndege aliyelelewa nyumbani, akiachiwa Karura au Kakamega, hajui kutafuta chakula wala kumkwepa mwewe, na anaweza kupeleka magonjwa kwa ndege wa porini.

## Hatua ya 9: Andika atakayemrithi

Kasuku wa kijivu anayetunzwa vizuri huishi miaka 40 hadi 60. Wengi wanaohamishwa hawakuwahi kukosea lolote. Mwenyeji wao alifariki, au alihamia ughaibuni, na hakuna aliyejua la kufanya.

Zungumza sasa na mtu mmoja aliye mdogo kwako kwa umri na aliyekubali kwa hiari. Mlete nyumbani mara kwa mara ampe ndege alizeti kwa mkono wake. Daftari lako, pamoja na nakala ya kibali, jina la daktari, rekodi ya uzito na orodha ya maneno anayoyajua ndege, likae mahali ambapo mtu huyo atalipata bila kuuliza.

Dalili ya mafanikio: ndege anapanda kwenye mkono wa mrithi wako wewe ukiwa haupo chumbani.